Hebaria Haihamii Kwenye Kompyuta: Kisa cha Kuvu Inayoozesha Misonobari

Mwezi Februari 2024, Chuo Kikuu cha Duke katika jimbo la North Carolina, Marekani, kilitangaza kwamba kitaifunga hebaria yake, yaani hifadhi ya vielelezo vilivyokaushwa, yenye vielelezo takriban 825,000 vya mimea, mwani na kuvu, na kwamba vielelezo hivyo vitatafutiwa makao kwingine. Wanasayansi wengi walipinga, na mabishano yaliyofuata yaliibua dhana ambayo haikuanzia Duke wala haitaishia huko. Dhana hiyo inasema kwamba, kwa kuwa lebo zinaendelea kuskaniwa na rekodi zake kuwekwa kwenye hifadhidata zinazosomeka popote duniani, kinachopotea hebaria inapofungwa ni makabati tu, kwa maana taarifa zenyewe zimeshaokolewa. Watu makini wanaiamini, wakiwemo wanaopenda viumbe na wanaotaka fedha za utafiti zitumike vizuri. Hata hivyo imekosea, na kosa lake halihusiani na mapenzi ya vitu vya kale. Rekodi iliyo kwenye hifadhidata ni dai la mtu fulani kuhusu kitu fulani alichokiona siku fulani. Kielelezo kilichokaushwa ndicho ushahidi wa dai hilo, na kuna aina ya maswali ambayo dai haliwezi kuyajibu hata likinakiliwa mara elfu. Nitalionyesha hilo kwa kuvu moja tu, ya kawaida kabisa, ambayo hakuna anayeihofia kutoweka.

Kuvu hiyo ni Fomitopsis pinicola, mojawapo ya kuvu za rafu, yaani zile zinazotoa uyoga mgumu unaochomoza ubavuni mwa mti bila shina. Msweden Olof Swartz aliieleza mwaka 1810 kwa jina la Boletus pinicola, na mwaka 1881 Mfini Petter Adolf Karsten akaiweka katika jenasi ya Fomitopsis. Uyoga wake una umbo la kwato ya farasi. Sehemu ya nyuma, iliyo ya zamani, huwa ya kijivu au nyeusi. Ukingo unaoendelea kukua huwa mweupe au wa rangi ya malai. Na kati ya sehemu hizo mara nyingi hupita mshipi mwekundu wa machungwa unaong'aa. Gamba la juu lina utomvu, kiasi kwamba ukilisogezea moto wa kiberiti linalainika na kutoa mapovu. Chini kuna vitundu vidogo vya duara, ambavyo ni midomo ya mirija, na humo hutoka spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo. Uyoga huu haufi msimu mmoja ukiisha, bali huongeza tabaka jipya la mirija chini ya lile la zamani mwaka baada ya mwaka, na ukiukata wima kwa msumeno unaona tabaka hizo zimepangana. Ndani ya gogo kuvu hii hula selulosi na kuiacha lignini, ambazo ni viambata viwili vikuu vya mbao, hivyo mbao hugeuka kahawia, hupasuka vipandevipande vya mraba na hatimaye husagika kwa vidole. Katika misitu ya baridi ya kaskazini, ambako miti mingi ni ya jamii ya msonobari, ni miongoni mwa viozeshaji muhimu kuliko vyote, na mabaki ya kahawia inayoyaacha hukaa ardhini kwa muda mrefu sana kwa sababu lignini haiozi kwa urahisi.

Kuvu ya kawaida namna hii huokotwa na watu wengi kwa miaka mingi. Mkusanyaji huukata uyoga kwa kisu au patasi, na ukiwa mkubwa mno huchukua kabari yake tu, kuanzia ukingoni hadi panapoungana na gome. Huukausha kwa joto la wastani, huuweka kwenye bahasha ya karatasi au kisanduku, kisha huandika lebo yenye jina, mahali, tarehe, aina ya mti, jina lake na namba yake ya ukusanyaji. Orodha ya kimataifa ya hebaria inataja zaidi ya hebaria 3,000 zenye jumla ya vielelezo karibu milioni 400 vya mimea na kuvu. Kazi ya kuziingiza lebo hizo katika mifumo ya kidijitali imepata mahali pa kukutania tangu mwaka 2001, ulipoanzishwa mtandao wa GBIF wenye sekretarieti yake Copenhagen, unaokusanya rekodi za viumbe kutoka taasisi za dunia nzima na kuzitoa bure. Faida yake ni kubwa na sina nia ya kuipunguza. Mtafiti asiye na nauli ya kufika Ulaya au Amerika anaweza leo kuona kwa dakika chache ni wapi spishi fulani imewahi kuokotwa, jambo ambalo zamani lilihitaji barua nyingi na uvumilivu mwingi zaidi.

Tatizo linaanza pale jina lililoandikwa kwenye lebo linapogeuka kuwa majina manne. Mwanasayansi wa Kanada Irene Mounce alichapisha mwaka 1929 utafiti wake juu ya kuvu hii, na mwaka 1938, akiwa pamoja na Ruth Macrae, alionyesha kwamba kuvu za Amerika Kaskazini zilizoitwa kwa jina hilo moja zilikuwa na makundi yasiyozaana. Walizikuza kutokana na spora mojamoja, wakazikutanisha maabara, na baadhi zikakataa kuungana. Kwa mtazamo wa kibiolojia hiyo ilikuwa dalili nzito kwamba jina moja lilikuwa limefunika spishi zaidi ya moja. Hata hivyo jina halikubadilika, kwa sababu kwa macho uyoga wenyewe ulifanana mno, na kwa miongo mingi wakusanyaji wa bara zima waliendelea kuandika pinicola kwenye lebo zao bila kosa lolote kwa ujuzi wa wakati wao. Mwaka 2008 Leif Ryvarden na Jogeir Stokland walitenga Fomitopsis ochracea. Mwaka 2019 John-Erich Haight na wenzake, wakitumia vinasaba, walieleza spishi nyingine mbili za Amerika Kaskazini, ambazo ni Fomitopsis mounceae, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya Mounce, na Fomitopsis schrenkii. Jina pinicola likabaki kwa kuvu ya Ulaya na Asia. Miaka tisini ilipita tangu chapisho la mwaka 1929 hadi majina hayo, na muda wote huo lebo ziliendelea kurundikana.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili yanayofanana kwa sura tu. Kuna kubadilika kwa jina, na kuna kugawanyika kwa spishi. Karsten alipoihamisha Boletus pinicola kwenda Fomitopsis, kiumbe kilibaki kilekile na anwani yake tu ndiyo iliyobadilika. Kompyuta inaifanya kazi hiyo bila taabu: inapewa jedwali la majina ya zamani na mapya, na usiku mmoja inasahihisha rekodi zote. Spishi inapogawanyika, jedwali la namna hiyo haliwezi kuwepo. Rekodi ya mwaka 1935 isemayo kwamba Fomitopsis pinicola iliokotwa juu ya gogo huko British Columbia, Kanada, haina ndani yake kitu chochote kinachoiambia kompyuta ni spishi ipi kati ya zile mpya. Eneo husaidia, kwa kuwa schrenkii inajulikana zaidi kutoka magharibi na kusini-magharibi, nayo mounceae imeenea zaidi kaskazini, lakini pale maeneo yanapoingiliana msaada huo unakoma. Aina ya mti husaidia kidogo, mpaka unapokuta kwamba mkusanyaji aliandika "gogo" akaishia hapo. Kitakachojibu ni kabari ile kavu iliyo kwenye bahasha: gamba lake, vitundu vyake, spora zake chini ya hadubini, na vinasaba vyake iwapo bado vinatoka. Rekodi bila kielelezo ni stakabadhi ya mzigo ambao ghala lake limebomolewa. Inathibitisha kwamba kulikuwa na mzigo, na haiwezi kukuambia ulikuwa mzigo gani.

Mtu anaweza kusema kwamba nimechagua mfano unaonipendelea. Sidhani. Laetiporus sulphureus, kuvu ya rafu ya manjano inayojulikana sana kwa wapenda uyoga, iligawanywa vivyo hivyo Amerika Kaskazini mwaka 2001. Ganoderma lucidum ilielezwa na William Curtis mwaka 1781 kutokana na uyoga wa Uingereza, kisha jina lake likaenda kubandikwa kwenye uyoga wa dawa wa China, ambao mwaka 2012 ulipewa jina lake wenyewe, Ganoderma lingzhi, na wataalamu hadi leo wanabishana kama jina lingine la zamani zaidi ndilo linalostahili. Katika kuvu za kuozesha mbao, jina lililotolewa Ulaya na kutumiwa duniani kote ni jambo la kawaida, na kila jina la namna hiyo lina uwezekano wa kupasuka siku moja. Ukiyatazama mambo hivi, rekodi za kidijitali za kuvu hizi ni madai yanayosubiri kusahihishwa, na kuuteketeza ushahidi kabla ya masahihisho kufika ni kuyafungia makosa ndani.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni gharama. Hebaria inahitaji chumba kisicho na unyevu, makabati yanayofungwa barabara, na mhifadhi anayejua anachokilinda. Kuvu za rafu ni ghali kuliko majani yaliyobanwa kwenye karatasi, kwa kuwa uyoga mmoja mkubwa unaweza kuchukua nafasi ya vielelezo vingi vya mimea. Tena huliwa. Mbawakawa wadogo wa familia ya Ciidae huishi ndani ya uyoga huohuo msituni, na mayai yao yanaweza kuingia hebaria ndani ya kielelezo ambacho hakikukaushwa sawasawa. Niliwahi kufungua kisanduku kilichokuwa na lebo nzuri, mwandiko safi na tarehe kamili, na chini yake kulikuwa na unga wa kahawia na ganda lililotobolewa kama chujio. Zamani makusanyo yalilindwa kwa sumu, ikiwemo kloridi ya zebaki, ambayo hadi leo ni hatari kwa wanaovishika vielelezo hivyo. Siku hizi wengi hugandisha vielelezo kwa siku kadhaa kuua wadudu, na hilo nalo linataka majokofu na wafanyakazi. Chuo kinachosema hakina uwezo wa kubeba mzigo huu huenda kinasema kweli. Kinachofuata kutokana na ukweli huo, hata hivyo, ni kwamba vielelezo vihamishiwe kwa anayeweza kuvitunza, vikiwa vizima, pamoja na lebo na namba zake. Haifuati kwamba picha zake zinatosha.

Hoja hiyo ya picha, ingawa ndiyo inayovuma zaidi, ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema kwamba picha yenye ubora wa juu inahifadhi kila kinachoonekana, hivyo mtaalamu wa kesho ataisoma picha kama alivyosoma mtaalamu wa jana kielelezo. Kwa jani bapa kuna namna ya kuikubali nusunusu. Kwa kuvu ya rafu haina pa kusimama. Vinavyozitenganisha kuvu hizi ni ukubwa wa spora, aina za nyuzi zinazounda nyama ya uyoga, unene wa tabaka za mirija, jinsi gamba linavyofanya kwenye moto, na vinasaba. Hakuna hata kimoja kinachopigwa picha kutoka juu. Picha nyingi zinazopakiwa na watu wanaotembea msituni huonyesha upande wa juu tu, na upande wa vitundu, wenye maana zaidi, hubaki gizani. Wapo wanaojibu kwamba programu za akili bandia zitaweza kuona tofauti ambazo jicho haliwezi. Pengine kwa baadhi ya spishi zitaweza. Ila programu hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kupewa majina, na kama majina hayo yanasema pinicola kwa spishi nne, programu itajifunza kwa ufasaha mkubwa kuziita zote pinicola. Kosa la lebo litarudi likiwa na asilimia ya uhakika iliyobandikwa pembeni.

Hoja ya vinasaba ina uzito zaidi, na inastahili kujibiwa kwa uangalifu. Inasema tusome vinasaba vya kila kielelezo mara moja, tuhifadhi mfuatano wake, na hapo kielelezo kitakuwa kimemaliza kazi. Ni kweli kwamba mbinu za sasa zinaweza kusoma vipande vifupi vya vinasaba vilivyochakaa ambavyo miaka 30 iliyopita visingetoa chochote. Lakini mfuatano wa vinasaba nao ni dai. Uyoga wa rafu una wapangaji wake: Trichoderma pulvinatum, kwa mfano, huota juu ya Fomitopsis zilizozeeka, na kipande kilichochukuliwa mahali pasipofaa kitatoa vinasaba vya mpangaji badala ya mwenye nyumba. Matokeo ya ajabu yakijitokeza, mtafiti hurudi kwenye kielelezo na kukata kipande kingine. Kielelezo kikiwa hakipo, atabaki na mashaka yasiyo na tiba. Zaidi ya hapo, sehemu ya vinasaba inayotumika kama kitambulisho cha kuvu ilipendekezwa rasmi mwaka 2012 tu, na tayari kuna makundi ambayo haiyatenganishi vizuri. Aliyesoma sehemu hiyo moja na kutupa kielelezo atakuwa ameamua, kwa niaba ya wote watakaomfuata, kwamba swali lake ndilo swali la mwisho.

Hata hivyo watetezi wa hebaria nao huvutwa mbali na wanachokitetea, nami sioni sababu ya kuwafunika. Vielelezo vina upendeleo wake. Wakusanyaji hufuata barabara, hufuata vyuo, hufuata likizo. Na kuvu ambayo kila mtu anaijua mara nyingi hupuuzwa, kwa sababu nani ataubeba mgongoni uyoga wa kilo moja ambao umejaa msitu mzima? Matokeo yake ni kwamba nukta chache kwenye ramani zinaweza kumaanisha kuvu ni adimu, au zinaweza kumaanisha ni ya kawaida mno kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuiokota. Kuhusu wakati, watafiti wa Norway walitumia rekodi zaidi ya 34,000 za hebaria kuonyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, kwamba uyoga wa msimu wa vuli ulikuwa umechelewa kwa takriban siku 13 tangu mwaka 1980. Ni kazi nzuri, na imewafanya wengi waamini kwamba tarehe ya lebo yoyote inaweza kutumika hivyo. Kwa Fomitopsis haiwezi. Uyoga unaoishi miaka mingi unaweza kuokotwa Januari au Julai, na tarehe inaeleza siku ambayo mtu alipita na kisu chake, haielezi siku uyoga ulipochomoza. Mtu akichanganya rekodi za kuvu za rafu na za uyoga wa msimu katika hesabu moja, atapata jibu lenye desimali nyingi na maana kidogo. Tabaka za mirija zingeweza kumpa angalau umri wa kukadiria wa uyoga wenyewe, lakini kuzihesabu kunahitaji kuukata uyoga, na kuukata kunahitaji uwepo.

Athari za haya yote zinagusa mambo ya vitendo kuliko inavyodhaniwa. Wanaokadiria ni kiasi gani cha kaboni kinabaki katika magogo yaliyoanguka huhitaji kujua ni kuvu ipi inayaozesha, maana inayoacha lignini na inayokula kila kitu haziachi mabaki sawa. Wanaotabiri jinsi viumbe vitakavyohama kutokana na mabadiliko ya tabianchi huchukua nukta za hifadhidata, huzilinganisha na joto na mvua, kisha huchora ramani ya kesho. Nukta za pinicola za Amerika Kaskazini zikitumika zilivyo, mfano wa kompyuta utadhani spishi moja inavumilia hali zote kuanzia milima mikavu ya New Mexico hadi misitu yenye baridi kali ya Kanada. Utaieleza kama kiumbe kisichotishika, ilhali kilichopo ni spishi kadhaa, kila moja ikiwa na mipaka yake iliyo myembamba zaidi. Mchoraji wa ramani hatakuwa amekosea katika hesabu yake. Atakuwa ameamini lebo, na hakuna atakayeweza kumwonyesha palipoharibika kama bahasha zimeshatupwa.

Kwa hiyo swali la kuiuliza taasisi inayotaka kufunga hebaria ni mahali vielelezo vinapokwenda, nani atavipokea, na kama namba zake za zamani zitaendelea kufuatana na rekodi zilizoko mtandaoni. Kuuliza kama lebo zimeskaniwa kunaweza kusubiri. Vielelezo vilivyotumika kuelezea spishi mpya vina ulinzi wake wa kimila miongoni mwa wataalamu na kwa kawaida havitupwi. Vilivyo hatarini ni vile vya kawaida, kama kile cha gogo la British Columbia, ambavyo ndivyo vingi na ndivyo vinavyobeba habari za mipaka, miti na nyakati. Nao wanaotumia hifadhidata wana wajibu wao: kutenganisha rekodi zenye kielelezo na zile za kuonwa kwa macho tu, jambo ambalo mifumo hii tayari inaruhusu, na kutochora mpaka wa spishi iliyogawanyika kwa rekodi ambazo hazijapitiwa upya baada ya mgawanyiko. Kiwango kinachotumika duniani kupanga rekodi hizi kina pia nafasi ya kueleza hali ya kielelezo, kama kipo kabatini, kimeazimwa, kimepotea au kimeharibiwa. Taasisi inayofunga milango ingeanza kwa kuijaza nafasi hiyo kwa kila namba iliyo nayo, kabla sanduku la kwanza halijatoka, ili mtafiti wa Fomitopsis ajue mapema ni rekodi zipi bado anaweza kuziuliza swali.